Uasi wa Simba: walioutazama kutoka mbali, na sisi tuliobaki na makaburi



Vijana wetu wanaporudi Kasongo na Kabambare kutoka masomoni huleta swali moja. Chuoni wamesoma kwamba Simba wa 1964 walikuwa wananchi waliosimama kudai uhuru wa kweli. Nyumbani bibi anawaambia Simba waliua watu. Nani anasema kweli? Mara nyingi sisi wakubwa tunajibu kwa kukohoa, kisha tunaomba wimbo mwingine. Kwenye benchi moja la kanisa wameketi mjukuu wa mtu aliyekuwa Simba na mjukuu wa karani aliyeuawa na Simba, nao wanashiriki Meza ya Bwana pamoja. Tumeogopa kuwavuruga.

Basi tueleze, kadiri tunavyoweza, namna uasi ule ulivyotazamwa na watu wa mrengo wa kushoto, yaani wakomunisti na wajamaa wa dunia nzima. Ni kwa macho yao vitabu vingi viliandikwa, na ndivyo vitabu hivyo watoto wetu wanavyovisoma.

Chanzo kwanza. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, mkulima wa Maniema alitegemea kwamba mambo ya zamani yamekwisha: pamba ya lazima, kodi, fimbo. Lumumba aliuawa Januari 1961. Waliokalia viti vya Wabelgiji walianza kula mishahara ya Wabelgiji, na kijijini hakuna kilichobadilika isipokuwa askari kuzidi ukali. Ndiyo maana watu wakaanza kusema juu ya uhuru wa pili. Neno hilo lilisikika kwanza huko Kwilu, ambako Pierre Mulele, aliyekuwa amepata mafunzo China, alianzisha vita mwanzoni mwa 1964. Upande wetu alikuja Gaston Soumialot, mtu wa MNC ya Lumumba, akitumwa na baraza la CNL lililoundwa Brazzaville Oktoba 1963. Alijipanga Bujumbura. Uvira ilianguka Mei 1964, na mwezi wa saba Kasongo na Kindu zilikuwa mikononi mwa Simba. Mwanzoni mwa Agosti jeshi la Nicolas Olenga liliingia Stanleyville.

Wenzetu wa kushoto waliposikia hayo walifurahi sana. Wakulima maskini wanafukuza jeshi la serikali inayolipwa na Marekani! Kwao ilikuwa kama kitabu chao kimepata miguu. Tusiwacheke, kwa sababu katika jambo moja walikuwa na haki: malalamiko ya watu yalikuwa ya kweli. Tena upande wa pili haukuwa na mikono safi. Tshombe, aliyeitenga Katanga, alirudishwa awe waziri mkuu Julai 1964. Askari wa kukodiwa wa Mike Hoare waliletwa, na ndege za vita zilirushwa na Wakuba waliomkimbia Castro, wakilipwa na shirika la ujasusi la Marekani. Malcolm X alipouliza kwa nini dunia inawalilia mateka Wazungu wa Stanleyville na kuwanyamazia Wakongo walioangushiwa mabomu, aliuliza swali ambalo kanisa lilipaswa kuuliza kabla yake.

Lakini kutoka mbali hawakuona kilichotokea mjini Kindu na mjini Kasongo.

Kulikuwa na chama kilichoitwa PNP, ambacho watu walikidhihaki kuwa ni chama cha weusi waliolipwa. Chini ya Simba jina hilo likawa hukumu ya kifo. Karani ni PNP. Mwalimu ni PNP. Mwenye miwani, mwenye barua ya Kifaransa mfukoni, mwenye jirani anayemwonea wivu, wote waliweza kuitwa PNP. Profesa Benoît Verhaegen wa chuo kikuu cha Lovanium, ambaye hakuwa adui wa mrengo wa kushoto, alikusanya karatasi na ushuhuda wa siku zile, na kitabu chake cha pili juu ya uasi wa Kongo, cha 1969, ni juu ya Maniema yetu. Huko anaonyesha namna vijana wasio na kazi, walionyimwa masomo na vyeo, walivyowageukia wale waliovipata. Na tukumbuke kwamba wakati wa ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa misheni, kwa hiyo mtoto wa nyumba ya Kiislamu, na Kasongo wako wengi, alikuta mlango umefungwa nusu. Tunaposimulia habari za waalimu na wainjilisti waliouawa, tusimulie na mlango huo. Hauhalalishi damu, lakini unaeleza hasira ilitoka wapi.

Tutaje siku moja. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Peking, Mao Zedong alitoa tangazo la kuwaunga mkono watu wa Kongo dhidi ya Marekani. Siku hiyohiyo, huko Baraka na Fizi, majirani zetu, waasi waliwaua watumishi wanne wa Kanisa Katoliki: Wasaveri watatu kutoka Italia, yaani Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Abbé Albert Joubert, aliyezaliwa na mama Mkongo. Hatudhani Mao alijua. Ndiyo shida yenyewe.

Mmoja wao alikuja kuona. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akiwa na Wakuba wa kwanza, na baadaye walizidi mia moja. Ili wajifiche walijipa majina kwa namba za Kiswahili: kiongozi mweusi Víctor Dreke akawa Moja, mwingine Mbili, na Guevara mwenyewe akawa Tatu. Kwa kuwa alikuwa daktari, watu walimwita pia muganga. Alikaa miezi saba milimani, Wakuba wakisambaa hadi upande wa Lulimba, kwenye njia ya kuja Kabambare.

Habari aliyoiandika baadaye, akiwa amejificha Dar es Salaam, ilikaa karibu miaka 30 kabla ya watu kuisoma, na tangu mwanzo anakiri kwamba ni habari ya kushindwa. Anawaona wapiganaji wasiotaka kubeba mizigo, wanaojibu kwamba wao si motokari. Anaona dawa ya Mai Mulele ikiharibu vita: aliyepona amelindwa na dawa, aliyekufa alivunja sharti, aligusa mwanamke au aligeuka nyuma, basi hakuna kosa la kamanda linalochunguzwa kamwe. Anawaona viongozi wakikaa miji ya mbali. Laurent Kabila alifika kwenye uwanja wa vita Julai 1965, akakaa siku chache, akaondoka. Mwezi wa tisa Soumialot alipokelewa kwa heshima Havana. Mwezi uliofuata Guevara alimwandikia Castro kumwonya kwamba maneno aliyosikia huko hayafanani na msitu.

Neno zito zaidi ni juu ya mkulima. Guevara alikuwa amezoea kwamba mapinduzi humgawia maskini shamba. Alipofika kwetu akakuta ardhi ipo, kila mtu analima. Basi jeshi hili linamletea nini mwanakijiji? Alikiri kwamba jeshi la wananchi lilikuwa linakula jasho la wananchi, wakati mwingine kwa ukatili. Swali hilo tungependa kila kijana wa Salamabila anayeitwa kujiunga na Mai-Mai alibebe mfukoni.

Hata hivyo, naye alihesabu bunduki kuliko makaburi. Katika habari yake makarani wa Kindu hawapo. Na upande wa Magharibi nao ulihesabu kwa namna yake: sisi Waprotestanti tunajua jina la daktari Paul Carlson, aliyeuawa Stanleyville tarehe 24 Novemba, na la Burleigh Law wa Wamethodisti, aliyeuawa Wembo Nyama mwezi wa nane. Ni haki tuwakumbuke. Lakini mwinjilisti Mkongo aliyeuawa juma lilelile, nani anajua jina lake?

Mabishano haya hayajazeeka. Januari 2022 watu wa Kazakhstan, nchi iliyokuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, waliingia barabarani kwa sababu ya bei ya gesi ya magari, na askari wa Urusi na washirika wake wakaja kuisaidia serikali. Mrengo wa kushoto uligawanyika palepale: wengine wakasema ni wafanyakazi wameamka, wengine wakasema ni hila ya Magharibi. Kila mmoja alisoma kitabu chake juu ya mgongo wa watu wengine.

Biblia ina habari inayofanana, nayo haichukui upande kwa urahisi. Katika 1 Wafalme 12 watu wanamwomba Rehoboamu apunguze nira, naye anawaahidi adhabu kali zaidi. Malalamiko yao ni ya haki, na Mungu hamteteti mfalme. Lakini Yeroboamu, yule waliyemfuata, hamalizi sura hiyo kabla hajatengeneza ndama wawili wa dhahabu. Wahubiri wa serikali husoma nusu ya pili, wahubiri wa maasi husoma nusu ya kwanza.

Agosti 2024 wale wanne wa Baraka na Fizi walitangazwa wenye heri mjini Uvira, na majina yao yalisomwa mbele ya umati. Makanisa yetu hayana desturi hiyo, wala hatuiombi. Tunaomba daftari. Kila parokia ya Kasongo na Kabambare iwaite wazee waliobaki, ambao mtoto wa miaka kumi wakati ule leo amepita sabini, iandike majina: waliouawa na Simba kwa sababu walijua kusoma, na waliouawa na askari na mamluki baadaye kwa sababu kijiji chao kilidhaniwa cha Simba. Kwenye daftari moja, bila kurasa mbili. Mahali familia hazitaki jina liandikwe, msiliandike.