Thimlich Ohinga: Mji wa Mawe Usio na Chokaa

Meli za kitalii zitiapo nanga Málaga, Hispania, abiria wengi hupanda mabasi asubuhi kwenda Granada kuitazama Alhambra, ngome na makasri ya wafalme Waislamu walioondolewa mwaka 1492, kisha hurejea melini jioni. Hiyo ni safari ya wenye uwezo. Kwa familia za pwani zenye jamaa Suna, Migori, ipo ziara ya siku moja iliyo karibu zaidi, nayo haina haja ya pasipoti.

Thimlich Ohinga uko kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Sisi tuliolelewa baina ya magofu ya Gede na majumba ya Lamu tumezoea kudhani kwamba ujenzi wa mawe katika nchi hii ni wetu peke yetu. Dhana hiyo haidumu mtu asimamapo mbele ya Kochieng, boma kubwa kuliko yote ya hapo. Mawe yamepangwa makavu, hapana chokaa wala udongo wa kuyashika. Kuta zina unene wa wastani wa mita 1, na mahali pengine zimepanda hadi mita 4.2. Siri imo katika mpango: safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo yanayozifunga pamoja. Milango ni mifupi kwa makusudi. Mwizi wa ng'ombe angeingia ameinama, kichwa kikitangulia.

Wataalamu huukadiria kuwa wa karne ya 16. Jamii mbalimbali zilipokezana humo, mgeni akiziba alipokuta pamebomoka, hata ikafika karne ya 20. Gede yetu, iliyojengwa kwa chokaa, ilihamwa zamani sana. UNESCO iliuingiza Thimlich Ohinga katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, miaka 17 baada ya Mji Mkongwe wa Lamu. Lakini naona heshima kubwa zaidi ni ya wale waliorudisha mawe mahali pake bila kuombwa na yeyote.

Basi wazazi wasiwaache watoto kuparamia kuta. Jiwe moja likichomoka, yaliyo juu yake hulegea, na fundi wa kupanga mawe makavu hapatikani kila kijiji.

Chukueni maji na chakula cha kutosha. Aliyetoka Mombasa akanuia kukaa Suna chini ya siku nne ni msafiri bado, kwa madhehebu ya Shafi. Ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri.

Kabla ya kuondoka, ombeni kuonyeshwa mwamba uliochongwa vishimo vya bao. Ni bao la safu mbili, mtindo uitwao ajua kwa Kijaluo. Watoto wa kwetu, waliozoea safu nne, watauliza nyingine zimekwenda wapi.