Bomba la Mafuta Lataka Mkaguzi Asiyepepesa Macho

Miongoni mwa kazi kubwa zilizofanywa na Taifa letu katika miaka ya kwanza ya Uhuru, ipo moja ambayo wananchi wengi hawaioni kwa macho, nayo ni bomba la mafuta la TAZAMA. Reli yaonekana, barabara yaonekana, hata bwawa laonekana. Lakini bomba limefukiwa ardhini, nyasi zimeota juu yake, na mtu aweza kulima karibu nalo miaka mingi asilitie maanani. Lina urefu wa kilomita 1,710. Laanzia Kigamboni, lashika njia ya bara hata Morogoro chini ya milima ya Uluguru, na kutoka hapo lapanda kwenda Iringa na Mbeya, likavuka mpaka na kuishia Ndola katika nchi ya Zambia. Mafuta hayaendi yenyewe mwendo wote huo. Husukumwa na mitambo iliyowekwa Kigamboni, Morogoro, Elphons Pass, Iringa na Mbeya, na mingine iliyoko upande wa ndugu zetu wa Zambia.

Yafaa vijana wakumbushwe sababu ya kujengwa kwake. Mwezi Novemba mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wa ubaguzi, na njia ya kusini iliyokuwa ikiipatia Zambia mafuta ikafungwa. Zambia ilikuwa changa, nayo ilitaka kunyongwa. Mafuta yakapelekwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam, na kwa malori katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliilinganisha na Jehanamu. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikataa jirani aachwe afe kwa kiu ya mafuta. Waitalia wa kampuni ya Snam Progetti wakapewa kazi, na mwaka 1968 mafuta yakafika Ndola kwa bomba. Basi bomba hili lilizaliwa na vita vya ukombozi wa Afrika, na kwa hiyo tuna haki ya kujivunia.

Lakini fahari haizuii kutu. Chuma kilichofukiwa mwaka 1968 kimekwisha kupita nusu karne chini ya udongo, wala udongo haujui siasa.

Tena kazi ya bomba hilo imebadilika. Mwanzoni lilipeleka mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kisha, kilipofunguliwa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Indeni huko Ndola mwaka 1973, likawa lapeleka mafuta ghafi. Mwaka 2023 likageuzwa tena, na sasa lapeleka dizeli. Mtu aweza kusema kwamba mafuta ni mafuta. La hasha. Mwizi wa mafuta ghafi ilimpasa kuhangaika kutafuta mnunuzi. Mwizi wa dizeli akitoboa bomba usiku, asubuhi ana wateja barabarani. Na dizeli ikivuja ni nyepesi kuliko mafuta ghafi, hupenya mchangani upesi na kuyafikia maji ya visima kabla watu hawajatambua. Mali iliyomo ndani ya bomba ikibadilika, hatari yake nayo hubadilika, na ulinzi uliotosha jana hautoshi leo.

Watu wa Morogoro hawahitaji kufundishwa habari ya moto wa mafuta. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti mwaka 2019 lori la mafuta lilipinduka karibu na stendi ya Msamvu. Watu wakakimbilia na madumu kuchota, moto ukalipuka, na waliokufa, pamoja na wale waliofia hospitali baadaye, walizidi 100. Wengi wamelala katika makaburi ya Kola. Msiba ule ulikuwa wa lori moja tu. Sasa na tupige hesabu ambayo mtoto wa shule aweza kuifanya. Bomba lenye upana wa inchi 8 hubeba kadiri ya lita 30,000 katika kila kilomita moja ya urefu wake, na sehemu za TAZAMA zenye upana wa inchi 12 hubeba zaidi ya mara mbili ya hizo. Maana yake ni kwamba kila kilomita ni kama lori moja zima la mafuta, au mawili, yaliyolala chini ya ardhi kimya. Aliyeliona lori la Msamvu ajaribu kuyapanga malori hayo kutoka Kigamboni hata Tunduma.

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu. Kusafirisha mafuta kwa bomba ni salama kuliko kwa lori, na kila lori linaloondolewa barabarani katika miteremko ya Kitonga ni roho za watu zilizookolewa. Bomba likitunzwa. Hapo ndipo penye neno lote.

Kulitunza bomba ni kazi yenye kanuni zinazojulikana duniani kote. Chuma hupakwa utandu wa kuzuia kutu, na mkondo mdogo wa umeme hupitishwa ili udongo usikile. Kila baada ya muda kifaa maalumu hutiwa ndani ya bomba, kikasafiri pamoja na mafuta kikipima mahali palipokonda na mahali penye ufa. Msukumo wa mafuta hupimwa saa zote, maana ukishuka ghafla ni dalili kwamba mafuta yanatoka mahali yasipopaswa kutoka. Mkuza wa bomba, yaani ile ardhi iliyotengwa juu yake na kando zake, hausimamishwi nyumba, hauchimbwi mchanga, hauchomewi mkaa. Pale bomba livukapo mto, mtu huenda kuangalia kila baada ya masika kama maji yameufagia udongo na kuliacha bomba uchi. Hakuna ajabu katika mambo haya. Ni kazi ya kila siku, ya kuchosha, isiyopigiwa ngoma wala kukatiwa utepe, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuahirishwa mpaka mwaka ujao fedha ikipatikana.

Sheria tunazo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imeiweka kazi ya kusafirisha mafuta kwa bomba chini ya leseni na uangalizi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi nao wana wajibu wao kwa wafanyakazi wa mitambo, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yalinda maji na ardhi. Hapana mtu awezaye kusema kwamba nchi hii haina kanuni. Swali letu ni jingine, nalo ni gumu kidogo. Mkaguzi anapobisha hodi, anayemfungulia mlango ni nani?

Kwa TAZAMA, anayefungua ni Serikali yenyewe. Bomba ni mali ya Serikali mbili, Zambia ikiwa na theluthi mbili na Tanzania theluthi moja. Mwendeshaji si tajiri wa kigeni ambaye twaweza kumkemea magazetini na kushangiliwa. Ni sisi. Na hapa ndipo utiifu wa sheria unapojaribiwa kwa kweli, kwa kuwa mkaguzi kijana anayelipwa mshahara na Serikali huona tabu kuiandikia Serikali barua ya kuisimamisha pampu mpaka vali ibadilishwe. Atafikiri: mafuta ya jirani yatakwama, mkubwa fulani atapiga simu, nitaitwa adui wa maendeleo. Faini nayo yaweza kuonekana mchezo, fedha ya umma ikitoka mfuko wa kulia kuingia mfuko wa kushoto. Hatusemi kwamba TAZAMA ina makosa haya au yale. Twasema kwamba shirika la umma lahitaji mkaguzi mwenye moyo mgumu zaidi kuliko kampuni ya mtu binafsi, kwa sababu wanaojiona ndugu huoneana haya.

Wenzetu wa Kenya wamekwisha kulipa gharama ya somo hili. Tarehe 12 Septemba mwaka 2011 mafuta yalivuja kutoka mitambo ya Kampuni ya Mabomba ya Kenya mjini Nairobi, yakaingia katika mfereji wa maji machafu, yakatiririka mpaka mtaa wa vibanda wa Sinai. Yakawaka. Watu karibu 100 au zaidi wakateketea, wengine ndani ya nyumba zao. Kampuni ile ilikuwa ya umma. Wakazi wale walikuwa wameachwa kujenga mahali pa hatari, na kila ofisi ilikuwa na sababu ya kusema jambo lile ni la ofisi nyingine. Miaka minne baadaye, mwaka 2015, bomba la kampuni hiyo hiyo litokalo Mombasa kwenda Nairobi lilivujia mto Thange katika jimbo la Makueni. Bomba lile lilianza kazi mwaka 1978, yaani ni changa kwa letu kwa miaka kumi. Huko hapakuwa na moto. Palikuwa na wakulima wadogo walioona visima vyao vikinuka mafuta na bustani zao zikikauka.

Wala tusidhani kwamba nchi tajiri zimesalimika kwa utajiri wao. Mwezi Julai mwaka 2010 bomba la kampuni ya Enbridge lilipasuka karibu na mji wa Marshall katika jimbo la Michigan, Marekani. Kengele za hatari zililia katika chumba cha uongozaji, nao waliokuwa zamu wakadhani ni hitilafu ndogo ya msukumo, wakaongeza kusukuma. Mafuta yakamwagika mtoni saa 17 kabla ya kutambuliwa. Uchunguzi ulipofanywa, ikaonekana nyufa katika bomba lile zilikuwa zimejulikana tangu mwaka 2005, zikaandikwa katika karatasi, karatasi ikawekwa kabatini. Wachunguzi waliilaumu kampuni, lakini waliwalaumu vile vile wadhibiti wa serikali kwa kanuni legevu na usimamizi dhaifu. Faini ya dola milioni 3.7 iliyotozwa haikuurudisha mto kama ulivyokuwa.

Habari ya mto Thange yatupasa kuisikiliza kwa masikio mawili sisi tulio chini ya Uluguru. Milima hii ni mtungi wa maji wa nchi. Mvua zinyeshazo juu ya misitu yake hushuka kwa Mgeta, kwa Ngerengere na kwa vijito visivyohesabika, zikawa mto Ruvu. Ngerengere hujaza bwawa la Mindu linalonywesha mji wa Morogoro. Ruvu hunywesha Dar es Salaam. Mitambo ya Ruvu Chini imejengwa kutoa lita milioni 270 kwa siku, na ile ya Ruvu Juu lita milioni 196. Nchi itokayo Kigamboni hadi Morogoro yote imefumwa na maji hayo, wala hapana njia ya bomba iwezayo kuyakwepa. Mafuta yakiingia katika maji hayo, atakayefunga bomba la maji si mkulima wa Matombo peke yake. Ni mama wa Manzese na hospitali ya Muhimbili.

Milima hii pia inakumbuka jambo jingine kuhusu kanuni na utekelezaji wake. Katika miaka ya 1950 Serikali ya Kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao ya mteremkoni, ati kuhifadhi udongo. Hawakuulizwa. Hawakuelezwa wakaelewa. Asiyechimba alitozwa faini, na mwaka 1955 ghasia zikazuka huko Matombo, askari wakapiga risasi, mtu akauawa. Udongo kweli ulikuwa ukimomonyoka. Kosa la Mkoloni halikuwa kusema uwongo juu ya mmomonyoko. Kosa lake lilikuwa kumwonyesha ukali mwenye jembe na kumdhania kuwa hana akili ya kuelezwa. Chama chetu kilipata wanachama wengi katika milima ile kwa ajili ya kosa hilo.

Ukali wa leo na uanzie juu. Mama aliyelima mihogo ndani ya mkuza asiyejua kwamba kuna dizeli chini ya jembe lake, aelezwe, aonyeshwe mpaka, naye akiwa na haki ya kulipwa alipwe kabla ya kuhamishwa. Mwendeshaji wa bomba yeye ajua, ana wahandisi na ana leseni. Huyo asielezwe mara mbili. Akikuta mkaguzi mahali palipokonda, siku ya kutengeneza iandikwe, na siku hiyo ikipita mafuta yasimamishwe, hata kama Ndola yangoja. Ndugu zetu wa Zambia hawatachukia. Bomba likipasuka watangoja muda mrefu zaidi.

Tena ripoti za ukaguzi zisiwe siri ya ofisi. Katika kila kijiji ambacho bomba lapita, kuanzia Pwani hata Mbeya, pawe na karatasi moja iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya mtendaji: bomba lilikaguliwa lini, lilionekana na nini, litakaguliwa tena lini, na namba ya simu ya kupiga usiku mtu akisikia harufu ya mafuta au akiona wageni wakichimba mkuzani. Mwenyekiti wa kijiji aisome karatasi hiyo mkutanoni. Na siku ya ukaguzi ikipita pasipo mtu kuja, wanakijiji wenyewe wapige simu hiyo kuuliza sababu.