Kamera Nje ya Eropleni: Nguvu Zake za Umeme Zatoka Wapi?

Eropleni ndogo ikionekana asubuhi juu ya vilima vya Kiogoro, ikienda moja kwa moja kama ng'ombe wavutao plau, kisha ikigeuka na kurudi kando ya njia yake ya kwanza, yaelekea sana kuwa inapiga picha za nchi. Wengi hudhani kuwa kazi hiyo yataka rubani hodari na kamera nzuri, basi. Lakini liko jambo la tatu ambalo likikosekana kazi yote huwa bure, nalo ni nguvu za umeme za kuiendesha kamera.

Jambo hili lawahusu wakulima kuliko wanavyofikiri. Katika miaka ya 1960, mashamba ya Kisii yalipokuwa yakiandikishwa, picha zilizopigwa kutoka angani zilikuzwa, zikawa msingi wa ramani za usajili. Mipaka iliyoonekana katika picha hizo ilikuwa nyua zilizopandwa na wenye mashamba wenyewe. Hata katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mpaka uliochorwa katika ramani huhesabiwa kuwa wa makadirio tu, isipokuwa umepimwa na kuthibitishwa barabara. Picha haimpi mtu haki ya shamba, lakini huonyesha ua ulikuwa wapi siku ile ilipopigwa, na majirani wakigombana huo si msaada mdogo.

Hasara ya dakika moja

Katika nchi ya Wagusii nafasi ya kupiga picha ni fupi. Alasiri mawingu hukusanyika upesi na mvua ya radi huja mara nyingi, kwa hiyo rubani hana budi kufanya kazi yake kabla ya hapo. Eropleni iendayo maili 120 kwa saa hupita maili mbili kila dakika. Kamera ikizimika kwa dakika moja tu, huachwa pengo la urefu wa maili mbili. Ikiwa picha zachukua upana wa maili moja, pengo hilo ni eka 1,280. Na mahali penye mashamba ya eka mbili mbili, hayo ni mashamba 640 yasiyoonekana katika picha. Tena picha hizo hupigwa kwa kupandana, kila moja ikifunika kadiri ya sehemu 60 katika 100 za ile iliyotangulia, ili mpimaji aweze kutambua vilima na mabonde. Picha chache zikikosekana, mfululizo wote hukatika, na eropleni lazima irudi siku nyingine kwa gharama nyingine.

Zamani kamera kubwa za upimaji ziliwekwa ndani ya eropleni, zikatazama chini kwa tundu lililokatwa sakafuni. Siku hizi kamera ndogo huweza kufungwa nje, chini ya tumbo la eropleni au katika mhimili wa bawa. Faida yake ni kuwa hakuna kioo wala bawa la kuzuia macho yake. Shida yake ni kuwa, eropleni ikiisha kuruka, hakuna mkono uwezao kuifikia. Betri ikiisha haibadiliki, na waya ukichomoka haurudishwi.

Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 mafundi wa Uingereza waliitatua shida ya namna hii kwa upepo: kamera iliwekewa rafadha ndogo, na upepo wa mwendo wa eropleni ukaizungusha na kubadilisha sahani za picha. Baadaye zilikuja mota za umeme. Siku hizi ziko njia tatu, na kila moja ina wema wake na ubaya wake.

Njia ya kwanza: betri ya kamera yenyewe

Hii ndiyo nyepesi kupita zote, maana haina waya. Lakini betri ndogo ya kamera mara nyingi haitoshi safari ya saa tatu. Tena baridi huipunguzia nguvu. Kila futi 1,000 za kupanda, hewa hupungua joto kadiri ya digrii mbili za Selsiasi. Basi eropleni iliyo futi 5,000 juu ya Kiogoro imo katika hewa yenye baridi zaidi ya ile ya chini kwa digrii 10 hivi, na upepo mkali huondoa upesi joto la kamera. Betri iliyodumu saa mbili mezani isitegemewe kudumu saa mbili chini ya bawa.

Njia ya pili: umeme wa eropleni

Eropleni ndogo nyingi zina jenereta izungushwayo na mtambo. Nyingine hutoa volti 14, nyingine 28. Kamera nyingi zataka pungufu ya hizo, pengine volti tano tu. Kwa hiyo lazima kiwepo kifaa cha kupunguza volti. Mtu akiunganisha waya bila kifaa hicho ataiunguza kamera mara moja. Lazima pia iwepo fyuzi, nayo iwekwe karibu na mahali umeme unapoanzia wala si karibu na kamera, maana kazi yake ni kuulinda waya usishike moto. Fyuzi ikikatika angani, jambo la busara ni kuiacha ilivyo mpaka eropleni itue.

Ubaya wa njia hii ni kuwa kamera na redio hunywa katika kisima kimoja. Mtambo wa eropleni ndogo kwa kawaida hauzimiki kwa kukosa betri, kwa sababu cheche zake hutoka katika magneto. Lakini redio na taa huzimika. Jenereta ikiharibika, rubani yampasa kuizima kamera kwanza, ili umeme uliobaki katika betri utumike kwa mambo ya lazima. Kwa hiyo swichi ya kamera haina budi kuwa mahali mkono wake unapofika.

Njia ya tatu: betri ya pekee

Hapa betri kubwa kidogo huwekwa ndani ya eropleni, mahali pasipo baridi kali, na waya hupelekwa mpaka kwenye kamera. Hesabu yake ni rahisi. Kamera itumiayo wati 10 kwa saa tatu hutumia wati-saa 30. Fundi mwangalifu huongeza maradufu, akachagua betri ya wati-saa 60, yaani volti 12 na ampea-saa tano. Betri hiyo nayo iwe na fyuzi yake, tena ifungwe kwa mikanda isije ikaruka eropleni inapotikiswa na upepo. Kwa njia hii kamera ikiharibika redio haidhuriki, na jenereta ikiharibika kamera yaendelea. Kwa kazi ya saa chache, yafaa kuliko zile mbili za kwanza.

Waya na ruhusa

Waya ulio nje ulazwe juu ya mhimili na kushikwa kila mahali kwa utepe wa kunata, kwa sababu waya uliolegea hupigapiga kwa upepo hata ukakatika. Usipite karibu na vibawa vya kuongozea. Kabla ya kuingia katika kamera uachiwe kitanzi kidogo cha kuning'inia, ili maji ya mvua yadondokee chini yasifuate waya mpaka ndani. Vile vile usipitishwe karibu na dira, kwa maana umeme upitao katika waya huweza kuupotosha mshale wake. Vifaa vya kupunguza volti navyo huweza kutia mvumo katika redio. Kwa hiyo vyote huwashwa pamoja chini, mtambo ukiwa unazunguka, na rubani husikiliza kabla ya kuruka.

Katika Kenya, eropleni haibadilishwi kwa hiari ya mwenyewe. Kuifunga kamera nje na kuunganisha waya zake ni kazi itakayo kibali chini ya kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na fundi mwenye leseni ndiye atiaye sahihi. Hilo si kuwasumbua watu bure. Kamera iliyofungwa vibaya yaweza kuanguka juu ya nyumba, na waya mbaya waweza kuleta moto mahali pasipokuwa na mlango wa kutokea.

Mwisho, kabla ya kuruka, hupigwa picha chache za majaribio chini, na taa ndogo huwekwa mbele ya rubani kumwonyesha kuwa kamera inapata umeme. Taa hiyo ikizimika juu ya Kiogoro, rubani hugeuka papo hapo na kuipita njia ile tena kabla ya mawingu kuja, wala haendelei mbele akiacha nyuma yake mashamba yasiyopigwa picha.