Kazi ya Msaidizi wa Daktari wa Meno

Watu wengi waendao kung'olewa au kuzibwa jino humwangalia daktari peke yake, wakamsahau mtu asimamaye upande wa pili wa kiti. Huyo ndiye msaidizi wa daktari wa meno. Wako wadhanio kwamba kazi yake ni kufuta meza na kuita wagonjwa tu. Sivyo, usalama wa mgonjwa umo mikononi mwake kama umo mikononi mwa daktari.

Jinsi Kazi Ilivyoanza

Mwaka 1885 daktari wa meno katika mji wa New Orleans, Marekani, jina lake C. Edmund Kells, alimwajiri mwanamke amsaidie. Siku zile haikuwa heshima mwanamke kwenda peke yake kutibiwa na daktari mwanamume; ilimpasa kufuatana na mumewe au jamaa yake. Kwa kuwa chumbani mlikuwamo mwanamke mwingine, waliweza kwenda bila wasiwasi. Baadaye ilionekana kwamba mikono minne hutenda kazi upesi na vizuri kuliko miwili.

Kazi Zake

Kabla mgonjwa hajaingia, msaidizi hupanga vyombo kwa utaratibu: kioo kidogo, sindano ya ganzi, koleo na pamba. Daktari anapotoboa jino, msaidizi huvuta mate na maji kwa mrija, tena huzuia ulimi na shavu visijeruhiwe. Huchanganya dawa ya kuzibia, ambayo huganda kwa dakika chache. Akikosea kipimo au akikawia, kazi huharibika.

Huandika pia katika cheti jino lililotibiwa. Mtu mzima ana meno 32, na mtoto ana 20, na kila jino lina namba yake. Kosa la namba moja laweza kumfanya mtu ang'olewe jino zima, akaachiwa bovu.

Kuzuia Maradhi

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Virusi vya homa ya ini ya namna ya B vyaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7, katika damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo kuosha chombo kwa sabuni hakutoshi. Chombo husuguliwa kwanza, maana uchafu huwakinga wadudu wa maradhi. Kisha hutiwa katika mashine ya mvuke yenye joto la digrii 121 kwa muda usiopungua dakika 15, au digrii 134 kwa muda usiopungua dakika 3. Muda huo huhesabiwa tangu joto litimie, si tangu mashine iwashwe. Maji ya sufuriani hayafiki joto hilo. Na katika nchi za juu kama Nairobi huchemka hata kabla ya digrii 100.

Msaidizi naye yampasa kujilinda. Huchanjwa mara tatu dhidi ya homa hiyo ya ini, hubadili mipira ya mikono kwa kila mgonjwa, na sindano iliyotumika huitia katika sanduku gumu. Picha ya eksirei inapopigwa, husimama nyuma ya ukuta. Kells yule yule alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga picha za meno kwa eksirei, na kwa kuwa madhara yake hayakujulikana, mionzi ilimharibu vidole, hata mkono ukakatwa.

Atakaye Kazi Hii

Yampasa awe mtu wa elimu, msafi, na mwenye maneno ya upole, maana mtoto aliyeshikwa na hofu hutulizwa kwa ukweli, si kwa vitisho. Tena ajue mpaka wake: kung'oa jino si kazi yake.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kama vyombo vimetakaswa kwa mvuke. Msaidizi mwema hachukizwi na swali hilo, bali humwonyesha.