Unakwenda Wapi na Baiskeli Hiyo?

Hedaru, mtu mzima anayepita na baiskeli huwa na mzigo. Atakuwa na madumu ya maji, gunia la mkaa, mkungu wa ndizi uliofungwa kwa mpira juu ya keria, au mtoto anayewahishwa zahanati. Ukipita polepole, keria tupu, mikono imelegea kwenye usukani, watu wanakusimamisha. Mimi nimeulizwa zaidi ya mara moja kama kuna msiba.

Uingereza matembezi ya namna hiyo yana umri mrefu. Chama cha watalii wa baiskeli kilianzishwa huko mwaka 1878, wakati baiskeli yenyewe ilikuwa bado na gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na aliyeanguka alianguka kutoka juu kweli. John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya magurudumu yanayokaribiana ukubwa mwaka 1885, na mwaka 1888 Dunlop akaleta mpira wa kujazwa upepo. Haukupita muda mrefu, makarani na mafundi wa viwandani wakawa wanatoka mijini siku ya mapumziko kwenda kuzunguka mashambani, wakinywa chai njiani, bila haraka.

Mimi naamini jambo hilo linawezekana kwetu, na linatufaa. Kinachotuzuia ni maneno tunayoambiana stendi na kwenye vibanda vya mafundi baiskeli. Mengine ni ya kweli na inafaa kuyasikiliza. Mengine tumeyabeba muda mrefu mno.

"Kutembea na baiskeli kwataka kiangazi cha Ulaya."

Uongo, na chanzo chake ni neno lenyewe. Kiangazi chetu ni ukavu: majani yamekauka, vumbi jekundu, mbuzi wanasimama kwa miguu ya nyuma kutafuta jani la mwisho kwenye mgunga. Cha Uingereza ni joto la wastani, kijani kila upande, na mvua inayoweza kunyesha siku yoyote. Kamusi inatumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana.

Lakini tazama kalenda. Miezi wanayoipenda wao ni Juni, Julai na Agosti, kwa sababu ndipo kwao kunapopata joto. Miezi mizuri kwa Hedaru ni hiyohiyo, kwa sababu ndipo kwetu joto linapopungua. Masika imekwisha, tope limekauka, vuli bado iko mbali.

Wanachotuzidi kweli ni urefu wa siku. London mwezi wa Juni, saa tatu usiku bado kuna mwanga. Sisi tuko nyuzi nne na nusu tu kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima ni kama nusu saa. Kwa hiyo anayetaka kutembea jioni ahesabu mapema. Giza la hapa halibembelezi.

"Jua la Hedaru litakuua."

Kweli, ukitoka saa tano. Mji umekaa upande wa Milima ya Pare usiopata mvua nyingi. Mawingu yanayotoka baharini huacha maji yake mengi upande wa pili, mashariki na juu. Sisi tunabaki na upepo mkavu na mawe yanayounguza kandambili.

Lakini mlima huohuo unaotunyima mvua hutupa kivuli. Umesimama mashariki yetu. Mwezi wa Juni jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, ila halitufikii mara moja. Linahangaika kwanza nyuma ya safu za Pare Kusini. Tambarare ya magharibi, upande wa Umasaini, tayari inang'aa, nasi bado tuko kwenye ubaridi. Hiyo ndiyo saa ya baiskeli. Kama kuna zawadi Mungu aliyompa mpanda baiskeli wa Hedaru, ni kivuli hicho cha asubuhi, na wengi tunakilalia.

Halafu kuna upepo. Katikati ya mwaka huvuma kusi, na barabara yetu imelala karibu sambamba nao: upande mmoja Mkomazi, upande wa pili Makanya na Same. Anayeanza kwa kuelekea Same hujiona bingwa. Upepo unamsukuma mgongoni, anapaa hadi Makanya, takriban kilomita ishirini, kisha anageuka na kuukuta umemsimamia kifuani, jua nalo liko utosini. Anza upande wa Mkomazi, asubuhi, upepo ukiwa bado mchanga na miguu ikiwa mipya. Wakati wa kurudi utasukumwa hadi nyumbani.

Maji, chukua mengi kuliko unavyodhani. Vinywaji vya chupa vyenye rangi si lazima. Lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa bapa: ndicho kipimo akina mama wanachofundishwa kliniki kwa mtoto anayeharisha, na kinamfaa pia mtu mzima aliyetoka jasho jingi. Makande ya jana kwenye hotipoti yanamaliza suala la chakula. Mpare haniulizi kwa nini.

"Reli imekufa. Pita juu yake, ndiyo njia salama."

Huu ni uongo unaoweza kuua, na ninauandika nikiwa na hofu, kwa kuwa nimewaona vijana wakisukuma baiskeli katikati ya mataruma huku masikio yameziba kwa muziki.

Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Mjerumani, na Hedaru ikawa kituo. Baadaye huduma zikafifia. Treni ya abiria ilikosekana zaidi ya miaka ishirini, ikakua hapa rika zima la watoto waliojua reli kama mahali pa kuanikia nguo na kuchungia mbuzi. Lakini mwaka 2019 treni ya mizigo ilirudi, na Desemba mwaka huohuo ya abiria ikatoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Mazoea ya miaka ishirini hayaondoki kwa honi moja.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Baada ya ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963, maelfu ya kilomita za reli yalifungwa, na baadhi ya njia hizo zikageuzwa kuwa njia za baiskeli. Ile ya kutoka Bristol hadi Bath, yenye urefu wa kama kilomita 21, ilijengwa kati ya 1979 na 1986 juu ya tuta la reli iliyokufa. Kwao reli ilikufa, baiskeli ikarithi. Kwetu reli imefufuka, na mrithi inabidi ashuke. Njia za vumbi zinazokwenda kandokando yake, mbali na mataruma, zinatosha: ni tambarare, kwa sababu treni haipendi mlima, na zina mibuyu ya kupumzikia.

"Barabara kuu si mahali pa matembezi."

Kweli tupu. Mabasi ya Arusha na Moshi na malori yenye tela hayana muda na wewe. Ukilazimika kuipita, pita kwa kipande kifupi, asubuhi kukiwa na mwanga kamili, na ukiona magari mawili makubwa yanapishana mbele yako shuka kwenye changarawe kabla hujaambiwa. Njia za mashambani zipo nyingi.

"Msichana akipanda baiskeli anaharibika."

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana uongo huu ndio ulionifanya nikae niandike.

Unasemwa kwa sauti ya chini, na wanaousema huwa wanampenda mtoto. Bibi anaogopa ubikira. Baba anaogopa maneno ya majirani. Mwingine anasema kizazi kitageuka. Matokeo yake kaka anapewa baiskeli na dada anatembea kwa miguu, hata kama shule yao ni moja.

Tuanze na mwili. Kizinda si kufuli. Wasichana wengine huzaliwa nacho kidogo sana, na kwa wengine hutanuka bila kuchanika. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka wazi kwamba hakuna kipimo cha kitabibu kinachoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kujamiiana au la. Ikiwa daktari hawezi kujua, siti ya baiskeli itaharibu ushahidi gani? Na kizazi kiko ndani ya nyonga, kimeshikwa na misuli na mishipa imara. Hakigeuzwi na pedali.

Watu wengi hawajui kwamba uongo huu ulitangulia kwa Waingereza wenyewe. Miaka ya 1890, wanawake wa huko walipoanza kupanda baiskeli kwa wingi, walitokea madaktari walioonya juu ya ugonjwa walioupa jina la "uso wa baiskeli": eti mwanamke atakakamaa taya, macho yatamtoka, na urembo utamwisha. Wanawake waliendelea kupanda. Nyuso zikabaki nyuso, na ugonjwa huo ukatoweka bila dawa.

Vijijini Zambia ulifanyika utafiti kwa wasichana wa shule waliokuwa wakitembea mwendo mrefu. Waliopewa baiskeli walipunguza utoro kwa asilimia 28, na muda wao wa njiani ukapungua kwa karibu theluthi. Nikisoma takwimu hiyo naona wasichana ninaowajua, wanaopita mbele ya nyumba yangu kabla ya adhana ya alfajiri, viatu mkononi.

Kuhusu mavazi, ufumbuzi upo kwa fundi. Baiskeli ya kike haina bomba la juu, na kifuniko cha cheni huzuia sketi au baibui isinaswe. Mama wa Kisabato anayeshuka Jumamosi kwenda ibadani na gauni lake refu anaweza kupanda baiskeli ya namna hiyo bila kupoteza heshima hata chembe.

"Mwanamume naye inammaliza nguvu."

Kuna punje ya ukweli iliyofunikwa na gunia la chumvi. Mwaka 2018 jarida la *The Journal of Urology* lilichapisha utafiti uliowalinganisha waendesha baiskeli zaidi ya 2,700 na waogeleaji na wakimbiaji. Nguvu za kiume za waendesha baiskeli hazikuwa pungufu kuliko za wenzao. Punje ya ukweli ni ganzi: siti iliyopanda sana au iliyoinua pua yake hubana mishipa ya chini. Ukisikia ganzi, simama wima juu ya pedali, kisha mwombe fundi aishushe au ailaze. Ni kazi ya spana moja.

"Bila gia huendi popote."

Uongo bondeni. Phoenix ya kawaida, pamoja na uzito wake wa karibu kilo 20, imeumbwa kwa tambarare, na ukiwa huna haraka gia moja inakutosha. Ila usiipeleke mlimani. Barabara za kupanda vijiji vya juu zina kona zisizosamehe, na tatizo kubwa liko kwenye kushuka: breki za fimbo zilizolika mpira hazishikilii mteremko wa Pare. Huko, acha baiskeli kwa mwenyeji, panda kwa miguu.

"Utapata pancha."

Kweli, kweli kabisa. Mbigili haina huruma. Ule mmea mdogo unaotambaa wenye maua ya njano hutoa kokwa zenye miiba ambazo, hata zikianguka vipi, mwiba mmoja hutazama juu. Miiba ya mgunga nayo imo. Usitoke bila pampu, viraka, solusheni na kipande cha msasa. Na usichomoe mwiba kabla hujaweka alama mahali ulipoingia.

"Hedaru hakuna cha kuona."

Anayesema hivi ameiona kupitia dirisha la basi, wakati wa kununua kitu cha kula. Elekea Makanya kwa njia za ndani utakutana na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari hadi macho yachoke, na vumbi jeupe la machimbo ya jasi. Miteremko ya juu ya Makanya ina ndiva, mabwawa ya wazee wetu: maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa na kugawanywa kwa zamu mashambani. Mengine ni ya kale, na bado yanafanya kazi. Keti ukingoni, baiskeli imelazwa kwenye majani, usikilize maji yakitoka.

Anayetaka zaidi azunguke mlima. Kutoka Mkomazi kupitia Bendera, Kihurio, Ndungu, Maore na Kisiwani hadi Same ni karibu kilomita 100, na si kazi ya siku moja kwa mtu anayetembea kwa raha. Upande ule una mashamba ya mpunga ya Ndungu, mabichi wakati sisi tumekauka, na mlima unauona kwa mgongo wake wa kijani. Upande wa Kisiwani umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi na tembo hutoka. Waulize wenyeji kabla ya kuondoka, na usitembee jioni.

Mimi Jumapili hii sifiki mbali hivyo. Nitatoka saa kumi na mbili na nusu, nipite kando ya reli kuelekea Mkomazi hadi jua litakaponifikia, nikae chini ya mbuyu, nirudi na upepo. Mpwa wangu wa kike, mwenye miaka kumi na tatu, ameazimwa baiskeli ya mama yake, siti imeshushwa hadi mwisho. Jana jioni nilimkuta uani akifanya mazoezi ya kupanda na kushuka, na bibi yake amekaa mlangoni anachambua maharage, hamkatazi.