Kalori za Wahadzabe na mzani wa jimu

Katika jimu nyingi za mijini siku hizi, mwanachama mpya hagusi chuma kabla hajapandishwa kwenye mzani wa umeme. Anavua viatu na soksi, anakanyaga vibati viwili vya baridi, anashika mipini miwili na kusimama wima. Muda si mrefu mashine inatoa karatasi: kilo za mafuta, kilo za misuli, asilimia ya maji. Chini kabisa kuna ile namba inayowakosesha watu usingizi, umri wa mwili. Mtu wa miaka 38 anaweza kuambiwa mwili wake una miaka 51, na hapohapo akauziwa kifurushi cha miezi mitatu cha kuamsha umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia kalori, unaodaiwa kulala.

Vipimo hivi vina faida yake. Ila anayelipa ana haki ya kujua kipi kimepimwa na kipi kimekisiwa, maana sehemu kubwa ya karatasi ile ni makisio.

Mbali na uzito, mashine inapima kitu kimoja tu: ukinzani wa mwili kwa umeme. Inapitisha mkondo mdogo mno, hata huusikii, kutoka kwenye nyayo hadi mikononi. Misuli imejaa maji na chumvi, kwa hiyo umeme unapita bila shida. Mafuta yana maji kidogo, yanauzuia. Kutokana na ukinzani huo, pamoja na urefu, jinsia na umri uliowatajia, fomula inakadiria mafuta yako ni kilo ngapi. Pima alfajiri kabla hujanywa kitu, kisha pima tena jioni ukiwa umetoka jasho na kunywa chupa mbili za maji, uone kama karatasi zitafanana. Anayetaka kufuatilia mabadiliko yake atumie mashine ileile, saa ileile, tumbo likiwa tupu, na aangalie mwelekeo wa miezi badala ya namba ya siku moja.

Na ule umri wa mwili? Unatokana na makisio ya umetaboli. Kupima umetaboli kwelikweli kunataka ulale kimya bila kula, ukiwa umevikwa barakoa au kofia ya plastiki inayopima oksijeni unayoitumia na kaboni dayoksaidi unayoitoa. Mzani haujui unavyopumua. Umechukua makisio ya misuli, ukayapiga hesabu, ukayalinganisha na wastani alioweka mtengenezaji. Ni makisio juu ya makisio, na kumtia mtu hofu kwa namba ya namna hiyo ni kumdhulumu.

Kipimo kilichotikisa fikra za wataalamu kuhusu umetaboli kilifanyika kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi. Mmarekani Herman Pontzer na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia wetu Audax Mabulla, walichapisha matokeo mwaka 2012. Waliwanywesha watu wazima 30 maji maalumu ambayo haidrojeni na oksijeni yake ni nzito kuliko ya kawaida, kisha kwa siku kadhaa wakakusanya mkojo wao. Haidrojeni hutoka mwilini kama maji tu. Oksijeni hutoka kama maji na pia kwenye pumzi, kama kaboni dayoksaidi. Tofauti ya kasi ya kupungua kwa hizo mbili inaonyesha mtu ametoa kaboni dayoksaidi kiasi gani, na hapo ndipo hupatikana kalori alizotumia huku akiendelea na shughuli zake za kila siku.

Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku wakiwinda na kutafuta asali. Wanawake walitembea karibu kilomita 6, na kuchimba mizizi juu yake. Kila mtu alitegemea kuona wanaunguza kalori nyingi mno. Lakini ukizingatia ukubwa wa miili, matumizi yao kwa siku hayakutofautiana na ya Wamarekani na Wazungu wanaoshinda vitini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi kwingine, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani.

Mwaka 2021 yeye na kundi kubwa la watafiti walikusanya vipimo vya maji hayohayo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia kichanga wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Umetaboli, ukiondoa tofauti za ukubwa wa mwili, ulibaki palepale tangu miaka 20 hadi 60, ndipo ukaanza kushuka polepole, kama asilimia 0.7 kwa mwaka. Kukoma hedhi hakukuuangusha. Basi dada wa miaka 42 anayeambiwa kwamba kitambi chake kimeletwa na umetaboli uliochoka hajaelezwa ukweli. Aangalie kwanza soda, maandazi ya saa nne na chipsi za usiku.

Hapo asitokee mtu akasema mazoezi hayana maana. Wahadzabe wanajulikana kwa mioyo yenye afya na presha nzuri. Mazoezi hushusha sukari, hulinda misuli na kuleta usingizi. Kosa ni kuyauza kama tanuri la kuyeyusha kilo.

Anayetaka kipimo cha maana bila kulipa aende kwa fundi cherehani. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yenye hatari kubwa kwa kisukari na moyo kuliko ya mapajani, na tepu ya fundi inayakisia vizuri ajabu. Mipaka ya mzunguko wa kiuno inayotumiwa sana kimataifa kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, asiye mjamzito bila shaka. Kwenye kliniki nyingi utapimwa uzito na presha tu; usipoiona tepu, iombe. Simama wima, toa pumzi kawaida bila kubana tumbo, zungusha tepu katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, usiikaze. Andika namba na tarehe, kisha rudia baada ya mwezi.