Kivuli Kikae Nje ya Kioo

Saa tisa na nusu alasiri, ghorofa ya tatu, ofisi ya pamoja hapa Kitengela. Dada wa dirishani amebandika kipande cha katoni kwenye kioo kwa selotepu. Macho yamemwingia kiwi, na kwenye skrini anaona uso wake badala ya hesabu. Akivuta pazia, walio ndani wanalalamika: "Dada, tuachie mwanga kidogo." Pazia likibaki limefungwa, taa zinawashwa mchana kweupe, na feni inazungusha hewa ile ile ya moto.

Kosa lilianzia barabarani. Barabara ya Namanga ikitoka Athi River hupita Kitengela na Isinya hadi Kajiado, ikishuka kusini. Kila mwenye ploti hutaka uso wa jengo utazame barabara, na uso siku hizi ni kioo. Basi majengo ya upande mmoja yamekodolea macheo, ya upande wa pili machweo. Hapa tuko takriban nyuzi 1.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua huwa juu sana mwaka mzima, na dirisha la kaskazini au la kusini hukingwa na kibaraza kifupi tu. La magharibi halikingiki hivyo. Jua la alasiri hupenya chini ya kibaraza likatua mezani.

Siku ya anga safi, mita moja ya mraba ya kioo kinacholikabili jua hilo hupokea wati 600 hivi, na kioo cha kawaida hupitisha zaidi ya robo tatu. Dirisha la mita nne za mraba ni kama birika la umeme linalochemka chumbani bila kuzimwa. Mwanga ukigonga meza na sakafu hugeuka joto, na joto hilo kioo hakilipitishi kutoka. Ndiyo maana pazia la ndani huokoa macho zaidi kuliko linavyopunguza joto. Tinti nyeusi nayo hufyonza joto hadi kioo chenyewe kinakuwa jiko. Ukilazimika, chagua ile inayorudisha jua kama kioo cha kujitazamia.

Mimi ningeanza na neti ya kivuli, ile ya mashamba ya maua, ikiwambwa kwenye fremu ya chuma, nusu mita nje ya dirisha. Upepo hupita kati, na joto hubaki huko huko nje. Kisha geuza meza: dirisha liwe ubavuni mwa anayeketi, si usoni wala mgongoni.

Mwenye jengo atanung'unika kwamba neti inaharibu sura. Mkumbushe Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007: inataka vioo vya mahali pa kazi viwe safi bila kizuizi, lakini papo hapo inaruhusu kuvitia kivuli, hata kuvipaka chokaa, ili kupunguza joto na mng'ao. Hata katoni ya yule dada ina pa kujitetea.